Kalamu Ibaki kwa Mwenyewe

Yako madai mawili juu ya uandishi yanayosemwa sana katika shule na vyuo vyetu, na yote mawili yanapotosha. Dai la kwanza ni kwamba mtu anayeandika kwa lugha asiyozaliwa nayo, akisaidiwa kuyasahihisha maandiko yake, amefanya udanganyifu. Dai la pili ni kwamba mtu huyo, kwa kuwa lugha si yake, afadhali ampe mwingine aandike badala yake, kisha yeye atie jina lake chini. Wenye dai la kwanza hujiona walinzi wa uaminifu. Wenye dai la pili hujiona watu wa huruma, na baadhi yao hulipwa vizuri kwa huruma hiyo. Mimi napingana na wote, na nataka wewe msomaji, ambaye huenda juma hili hili utatakiwa kuandika insha, uzipime hoja zangu kabla ya kuzikubali au kuzikataa.

Nasema kwamba mwandishi mwenye lugha nyingi anastahili kupata mtu wa kumwongoza na kumsahihisha, kama mwanafunzi wa useremala anavyostahili kuwa na fundi wa kusimama karibu naye. Hiyo ni haki yake. Si fadhila, wala si hila. Lakini kazi ya mwongozaji ina mpaka, na mpaka wenyewe ni kalamu. Anaweza kuuliza, kuonyesha, kukataa, kutia alama na kurudisha. Hana ruhusa ya kuichukua kalamu akaandika yeye, hata kama anaandika vizuri mara kumi kuliko mwenye kazi.

Tuchukue mfano wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Ukitoka Kericho mjini ukashika njia ya Litein na Kapkatet, ukafika Sotik na kuendelea mpaka Bomet, macho yako hayapumziki kwa rangi ya kijani. Makampuni makubwa ya chai yalianza kupanda michai katika ardhi hii ya Wakipsigis katika miaka ya 1920, na kazi ya kuchuma ikavuta watu wa makabila mengi. Wakisii walikuja, Wajaluo wakaja, Waluhya wakaja, wakakaa nyumba moja na nyingine katika mashamba, na Kiswahili kikawa daraja lao. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba hizo huamka kwa lugha ya mama yake, hucheza na jirani kwa Kiswahili, huingia darasani akakutana na Kiingereza, na jioni akitumwa dukani hurudi katika Kiswahili. Mtoto huyo hawezi kuitwa maskini wa lugha. Yeye ni tajiri, na utajiri wake watoto wa London huulipia karo. Lakini fungua daftari lake la insha uone alivyoandikiwa kwa wino mwekundu: “Lugha mbovu.” Basi, maneno mawili, na hapana zaidi.

Ubovu huo una asili, na mtu asiyeijua asili yake hawezi kuutibu. Katika lugha ya Kipsigis, kitenzi hutangulia katika sentensi na mtendaji hufuata nyuma. Kiswahili na Kiingereza humtanguliza mtendaji. Kipsigis hakitenganishi maana za maneno kwa p na b, wala kwa t na d, wala kwa k na g. Sauti hizo hupokezana kwa kufuata jirani zao katika neno. Kijana wa Kipsigis akiandika “papa” mahali pa “baba” hakufanya uzembe. Sikio lake limefundwa tangu utotoni kuzihesabu sauti hizo kuwa moja. (Papa ni samaki mkali, na yako majumba ambamo kosa hilo si kosa sana.) Mkisii hana l katika lugha yake, bali ana r, basi anaweza kuandika “kurara” akitaka kulala. Mjaluo hana sh, basi shamba huwa “samba.” Kipsigis hakina ngeli kama za Kiswahili, na kwa hivi “kitabu yangu imepotea” haimkwaruzi masikio mtoto wa Bomet kama inavyomkwaruza mtoto wa Lamu. Na Kiingereza humlazimisha msemaji kubagua kila mara kati ya mwanamume na mwanamke anapotumia neno la kumrejea mtu, ilhali Kiswahili huwaita wote “yeye,” na Kipsigis nacho kina neno moja tu kwa wote wawili. Mwalimu akisoma kwamba mama amekwenda sokoni na viwakilishi vyake vyote ni vya kiume, hucheka. Kicheko hicho hakifundishi kitu.

Mwalimu anayezijua habari hizi huweza kuondoa makosa mia kwa somo moja, kwa sababu huona kwamba makosa mia ni kosa moja lililorudiwa mara mia. Asiyezijua hutia wino mahali mia, mkono ukachoka, na mwanafunzi akatoka akiamini kwamba ana upungufu wa akili. Nami nasema kwa nguvu kwamba imani hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko makosa yote. Mtu aliyeambiwa mara nyingi kwamba lugha yake ni mbovu hawezi kutetea wazo lake mwenyewe. Akisahihishwa hukubali kila kitu, hata pale alipokuwa amesema kweli na msahihishaji amekosea.

Zamani jambo hili lilifanywa hadharani. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake shuleni alivikwa kibao shingoni akakizunguka nacho. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekulia Limuru, nchi nyingine ya chai, na kufariki mwaka 2025, aliieleza adhabu hii katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ikafanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ikaipa serikali wajibu wa kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Kibao hakina tena mahali pa kusimama katika sheria. Lakini katika madaftari bado kipo. Kimebadili umbo tu, kikawa wino.

Yafaa vijana wa Kericho na Bomet wamkumbuke Taaitta Toweett. Alikuwa Mkipsigis, alikuwa waziri katika serikali ya Kenya, na mwaka 1976, UNESCO ilipofanya mkutano wake mkuu Nairobi, yeye ndiye aliyekuwa rais wa mkutano. Mtu huyo aliichukua lugha ya mama yake akaichunguza kama mtaalamu achunguzavyo mmea, na mwaka 1979 kilichapishwa kitabu chake juu ya isimu ya Kikalenjin. Lugha iliyowafanya watoto wengine wavikwe kibao, kwake ilikuwa kitu cha kuandikia kitabu. Na aliiandika habari yake kwa Kiingereza, ili wasiokuwa Wakalenjin nao waone. Hapo utaona kwamba lugha ya nyumbani na lugha ya kitabu si maadui. Anayetaka kuzigombanisha ana faida yake katika ugomvi huo.

Nageukia sasa wale wanaosema kwamba kusaidiwa ni kudanganya. Hao nawauliza swali: kitabu gani walichokisoma ambacho hakikupita mikononi mwa mhariri? Ngũgĩ mwenyewe, riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilitolewa mwaka 1980 na nyumba ya vitabu iliyoongozwa na Henry Chakava, ambaye hesabu ya waandishi wa Afrika Mashariki waliopitia mezani kwake ni kubwa. Hakuna mtu aliyesema riwaya hiyo ni ya Chakava. Mwandishi mashuhuri akisahihishwa, huitwa mwangalifu. Mtoto wa mchuma chai akisahihishwa, huitwa mdanganyifu. Uadilifu wa namna hii una macho ya kuchagua.

Na kama mtu akitaka mfano kutoka katika nchi ya chai yenyewe, upo, nao ni mzuri. Ian Orchardson alikuwa Mzungu aliyeishi Kericho miaka mingi, akaandika juu ya maisha na desturi za Wakipsigis kati ya mwaka 1929 na 1937. Muswada wake ulikaa. Mwaka 1961 ulitolewa kuwa kitabu na East African Literature Bureau kwa jina la The Kipsigis. A. T. Matson ndiye aliyeutengeneza. Na kitabu chenyewe kinamwambia msomaji waziwazi kwamba Matson aliufupisha, aliuhariri, na sehemu nyingine aliziandika upya. Unaweza kubishana na Matson. Unaweza kusema alikata mno, au kwamba mtu hana haki ya kuandika upya maneno ya mwenzake hata sehemu moja. Mimi mwenyewe naona kuandika upya kulivuka mpaka nilioutaja. Lakini huwezi kusema kwamba ulifichwa jambo. Jina la mwenye kazi lipo, jina la msaidizi lipo, na kiasi cha msaada kimetajwa. Laiti kila anayesaidia na kila anayesaidiwa leo angefanya hivyo, nusu ya ugomvi huu ingekuwa imekwisha.

Kuna watu wengine ambao hawakatazi msaada, lakini wanautoa kwa dharau. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliweka kanuni kwamba mwanafunzi wa shahada ya uzamivu sharti awe ametoa makala mbili katika majarida ya kitaalamu, na wa uzamili makala moja. Chukua kijana aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013 na kimezungukwa na michai pande zote. Anaandika juu ya udongo wa mashamba, au maradhi ya mchai, au maisha ya wachumaji. Mambo anayoyajua kwa miguu na mikono kuliko wasomaji wengi wa jarida. Anapeleka makala ng'ambo. Miezi inapita, jibu linarudi: makala haya yasahihishwe na mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Hapana mfano hata mmoja wa sentensi iliyokosewa. Hapana ukurasa uliotajwa. Hukumu imetolewa, na ushahidi umefichwa. Je, jibu hili lina tofauti gani na lile la “Lugha mbovu” katika daftari la mtoto? Tofauti yake ni kwamba hili limepigwa chapa.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao, maana sisi wenyewe tunatendeana vivyo hivyo katika Kiswahili. Mtu wa bara akiandika, mtu wa pwani hucheka. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kukagua lugha ya vitabu vya shule. Mtu wa Kericho hakuulizwa. Hilo si kosa la lahaja ya Unguja, na Kiswahili kilichotoka humo kimetufaa sana. Lakini tangu hapo wako waliodhani kwamba lugha ni mali ya ukoo. Hao wamkumbuke Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufa mwaka 1962. Ukoo wake ulikuwa wa Wayao, watu wenye lugha yao nyingine kabisa, naye ndiye anayetajwa kwanza panapotajwa mabingwa wa Kiswahili. Lugha haiulizi mtu babu yake ni nani. Huuliza kama ameifanyia kazi.

Sasa tuone kazi yenyewe ya kusahihisha, maana watu wengi huibishania bila ya kuitazama. Tuseme mwanafunzi wa Bomet ameandika sentensi hii: “Chai ya baba yangu ilirudishwa kwa sababu ya mvua.” Mpeni msahihishaji mbaya sentensi hiyo. Baada ya saa moja ataileta imevaa kilemba: “Majani mabichi ya chai ya mzazi wangu mpendwa, yaliyometameta kama zumaridi, yalikataliwa kwa ajili ya gharika iliyoinyeshea nchi.” Mwanafunzi atafurahi. Mwalimu huenda akampa alama nyingi. Lakini ukisoma tena, hapana jambo jipya ulilolijua. Mvua ilifanyaje hata chai ikarudishwa? Zumaridi haitujibu.

Mwongozaji mwema haigusi sentensi. Humwuliza mwenyewe: Mvua ilifanya nini? Mtoto anajibu kwamba ilivunja barabara. Ikawaje? Lori la kiwanda lilikwama kwenye matope. Ikawaje tena? Majani yalilala katika magunia usiku kucha. Na majani ya chai yakilala katika magunia hufanya nini? Mtoto anamshangaa mtu mzima asiyejua jambo rahisi kama hilo: yanapata moto, yanageuka rangi kuwa mekundu. Basi yalirudishwa, au hayakuchukuliwa kabisa? Hayakuchukuliwa, baba aliyamwaga. Ndipo mwongozaji anapomwambia: nenda kayaandike hayo uliyoniambia. Mtoto anakwenda, anarudi na sentensi nne zenye lori, matope, magunia na rangi nyekundu, na ndani yake mna makosa mawili ya upatanisho. Hapo sasa wino mwekundu una kazi. Anaonyeshwa makosa mawili, anaelezwa asili yake, anayatengeneza kwa mkono wake.

Angalia yaliyopatikana. Neno “ilirudishwa” lilikuwa si la kweli, na hakuna msahihishaji duniani ambaye angeweza kulijua hilo kwa kutazama sarufi, kwa sababu sarufi yake ilikuwa sahihi. Aliyejua ni mtoto peke yake. Elimu ilikuwa kwake tangu mwanzo. Lililokosekana ni mtu wa kuuliza. Na hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema kalamu isichukuliwe. Anayeichukua huchukua pamoja nayo yale asiyoyajua yeye, na hayo hupotea bila ya kuacha alama. Mchai nao hukatwa kila baada ya miaka michache ili uchipue vizuri, lakini anayeukata huuacha mzizi wake ardhini.

Haya, na wale wa dai la pili, wanaouza insha? Biashara yao ni kubwa, na Kenya inajulikana kwayo. Vijana wa Kenya waliomaliza vyuo na kukosa kazi huandika insha, na hata tasnifu, za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, usiku kucha kwa sababu ya tofauti ya saa, na wanafunzi hao huzipeleka kwa walimu wao kana kwamba ni zao. Australia ilitunga sheria ya kuizuia biashara hii mwaka 2020, na Uingereza ikaifanya kosa katika vyuo vya England mwaka 2022. Mwaka 2024 ilitoka filamu iitwayo The Shadow Scholars juu ya waandishi hao wa Kenya, akiwamo ndani yake Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya ambaye ni profesa wa Oxford.

Fikiri, msomaji, juu ya kinyume kilichomo humo. Vijana ambao tangu shule ya msingi waliambiwa Kiingereza chao ni kibovu ndio wanaowaandikia Kiingereza watu waliozaliwa nacho, na maprofesa wa watu hao wanatoa alama nzuri. Basi ule ubovu ulikuwa wapi? Ni dhahiri kwamba jina la Mwingereza likiwa juu ya karatasi, lugha husomeka kuwa safi, na jina la Mwafrika likiwa juu yake, makosa hutafutwa kwa taa. Siwahukumu vijana hao kwa ukali, maana njaa ni hakimu mbaya na kazi zenyewe ni haba. Lakini naihukumu biashara. Inamnyang'anya mnunuzi elimu aliyoilipia karo, na inamnyang'anya mwandishi kitu kikubwa zaidi, nacho ni jina. Kijana anaweza kuandika kurasa elfu tano katika maisha yake, na asiweze kuonyesha hata moja aseme, hii ni yangu.

Na biashara hii imeanza kurudi nyumbani. Wapo wanafunzi wa hapa hapa wanaonunua, na wapo sasa wasionunua kwa mtu, bali huiambia programu ya kompyuta iwaandikie, nayo huwaandikia kwa dakika moja. Programu hiyo ni yule msahihishaji wa zumaridi, ila haichoki. Haijui habari ya lori la kiwanda kukwama matopeni, na haitamwuliza mwanafunzi asipojisumbua kuisimulia. Ajabu nyingine ni hii: zimeundwa programu za kuwakamata watumiao programu, na hizo nazo zina upofu wao. Mwaka 2023 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba kati ya hizo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na lugha hiyo. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa zimeandikwa na mashine, ilhali zilikuwa kazi za watu. Mtu wa lugha nyingi ana maneno machache zaidi katika Kiingereza, hutumia njia fupi iliyo wazi, na mashine ikamshitaki kwa uwazi wake. Akiandika vibaya, yeye ni mbumbumbu. Akiandika wazi, yeye ni mwizi. Mtoto wa Litein afanye nini basi?

Nitamwambia la kufanya, lakini kwanza nijibu pingamizi moja ambalo ni la haki. Mtu anaweza kuuliza: mwanafunzi akiongozwa namna ulivyosema, alama ni za nani? Najibu kwamba katika chumba cha mtihani kila mtu na akae peke yake na kalamu yake, hapo tunapima. Lakini mwaka mzima si mtihani. Mwaka mzima ni wa kufunza, na mtu hapimwi kwa kitu ambacho hajafunzwa. Shule inayomnyima mwanafunzi mwongozo kwa mwaka mzima kwa kuogopa udanganyifu, kisha ikampima mwishoni kwa lugha ambayo nyumbani kwao haisemwi, imempa ushindi yule ambaye nyumbani kwao inasemwa, nayo ikaita matokeo hayo akili.

Na kipimo cha uhalali kipo, si kigumu. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba duniani, ambao kamati yao ilianza kwa mkutano wa Vancouver mwaka 1978, wamekubaliana kwamba mtu aliyesaidia lugha peke yake hahesabiwi kuwa mwandishi, lakini anaweza kutajwa na kushukuriwa kwa kazi aliyoifanya. Kama kanuni hiyo inawafaa madaktari, itatufaa na sisi wa insha. Chuo chenye wanafunzi wa lugha kumi na kiweke watu wa kazi hii, kiwalipe hadharani, kiwape meza na mlango ulio wazi, badala ya kuwaacha wanafunzi watafute msaada gizani kwa watu wanaouza kurasa.

Lakini wewe usingoje chuo. Insha yako ikirudi imeandikwa “Lugha mbovu,” ipeleke tena kwa mwalimu kwa adabu, umwulize: Mwalimu, nionyeshe sentensi moja, na uniambie kwa nini. Moja inatosha kwa siku. Ukiisha kuelewa, itafute ndugu yake katika kurasa nyingine mwenyewe. Weka daftari dogo la makosa yako yanayorudi, na pembeni mwake andika lugha ya nyumbani kwenu inavyolisema jambo lile lile. Baada ya muhula mmoja utakuwa unaijua lugha yako kuliko ulivyoijua, na Kiingereza na Kiswahili vilevile. Msomee mwenzako insha yako kwa sauti, na mwenzako asikupe maneno, akuulize maswali. Akikupa sentensi nzuri kuliko yako, ikatae, hata kama ni nzuri sana, kisha umwombe akueleze aliona upungufu gani katika ile ya kwako. Na ukimaliza, chini ya ukurasa wa mwisho, andika kwa herufi ndogo: “Nimeandika mimi. Fulani aliniuliza maswali manne, na mwalimu alinionyesha makosa mawili ya upatanisho.”